Maziwa na Ganda la Yai

Ipo dawa isiyouzwa katika duka lolote, nayo ni kile ambacho moyo unakitamani. Asiyeamini na amuulize mjane mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekaa miezi mitatu akitazama ukuta wa sebule yake.

Fundi wa rangi, aliyeitwa Madoa kwa sababu ya nguo zake, alikuwa amepaka hapo vipande viwili vya majaribio: kimoja rangi ya maziwa, kingine ya ganda la yai. Mwalimu alitakiwa kuchagua. Kila Jumapili binti yake wa pekee, aliyekuwa ng'ambo kikazi mwaka wa tano sasa, alipiga simu kuuliza amechagua ipi, na kuomba atumiwe picha.

"Picha zinadanganya, mwanangu," Mwalimu alijibu. "Asubuhi napenda hii, jioni ile."

Wakati huohuo alizidi kukonda kama ng'onda. Daktari alimpima asione ugonjwa wowote.

Hatimaye binti akakata shauri. "Mama, pakeni ya maziwa, yaishe."

Kesho yake Madoa alifika na ndoo. Mwalimu akasimama mbele ya ukuta, mikono ameitandaza.

"Mama, hizi rangi ni mapacha," Madoa alitania. "Hata aliyezizaa huzichanganya. Sasa kuna nini tena?"

"Ukimaliza kupaka, atanipigia kuuliza nini?" Machozi yalimlengalenga. "Nimemkumbuka mwanangu, fundi. Nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti."

Madoa akafunika ndoo yake. Akaomba namba, akatoka uani, akapiga.

"Dada, mimi fundi. Ukuta unaweza kusubiri. Mama hawezi."

Wiki mbili baadaye binti alitua sanduku lake chini ya vile vipande viwili. Akavisogelea, akarudi nyuma, akakunja uso.

"Mama, mbona sioni tofauti?"

"Hata mimi sijawahi kuiona."

Wakakumbatiana, wakicheka na kulia kwa pamoja. Mchana ule Mwalimu alimaliza sahani nzima, akaomba nyingine, na Madoa akachungulia mlangoni kuuliza apake rangi ipi.

"Yoyote," Mwalimu alisema, mdomo umejaa. Kisha akakumbuka kwamba likizo ya binti ilikuwa ya siku kumi tu. "Ila paka kuta tatu, fundi. Huu wa nne tutauchagulia rangi akija mwakani."

Akavuta sahani karibu, akaendelea kula. Hakika, kipendacho moyo ni dawa.