Lenzi Isiyoona Karibu

Wapendwa, vijana mtanivumilia, leo nasema na wale waliopigwa picha enzi za filamu. Mnakumbuka? Nguo ya sikukuu, poda mpaka shingoni, halafu unangoja wiki nzima picha zisafishwe! Na tulikuwa na furaha jamani, acheni tu. Nazitamani siku zile.

Sasa, kulikuwa na mpiga picha mmoja mwenye lenzi ndefu ya chuma, nzito kama mchi. Hata watu walipoanza kujipiga picha kwa simu, yeye hakuiacha. Lenzi ile ilikuwa na tabia yake: aliye mbali inamvuta, lakini aliye karibu haimwoni, anatoka ukungu mtupu. Kwa hiyo alikuketisha kwenye kiti uani, yeye akarudi nyuma mpaka kwenye migomba, akaizungusha kwa mkono, taratibu. Picha ikitoka, nyuma yako kila kitu kimefifia, umebaki wewe na uso wako. Watu walitokwa machozi kwa kujiona wazuri vile.

Na siku zote mkewe alisimama ubavuni kwake, akiikinga kamera na jua kwa mwavuli.

Siku moja daktari akamwambia mzee yule, "Macho yako yanakwisha, na hatuwezi kuyarudisha." Akaenda nyumbani, akamwambia mkewe, "Mama, kakae kwenye kiti. Nataka picha yako moja kabla sijaingia gizani."

"Mimi tena? Na mwavuli atashika nani?"

"Leo jua litupige tu."

Mama wa watu akajifunga kitenge kipya, akaketi. Mzee akarudi nyuma, akazungusha lenzi mpaka uso ukaja vizuri. Nywele nyeupe. Kovu juu ya jicho. Mkono wake ukasimama.

"Mama, hilo kovu ulilipata lini?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi, niliteleza kisimani. Nilikwambia, baba. Ulikuwa unafuta lenzi."

Wapendwa, picha ile haikupigwa. Mzee aliiacha kamera pale pale, akaenda mpaka kwenye kiti, akapiga magoti, akaanza kuujifunza uso wa mkewe kwa vidole.

Je, sisi? Mgeni akija tunamwona vizuri sana, tunajua mpaka chai yake inataka sukari kiasi gani. Wewe baba unayenitazama hapo mbele, mkeo analala akiwaza nini? Unacheka? Cheka, lakini jibu. Na wewe dada, mama yako uliyemwacha jikoni asubuhi, ulimwona, au ulimpita tu? Tunajidanganya kwamba aliye karibu tumekwisha kumwona. Inauma, na inaniuma hata mimi.

Sitaendelea kuhubiri. Mgeukie uliyekuja naye. Mtazame usoni, usiharakishe. Kwaya itangoja.