Chenji ya Jenereta

Bi Mwanakheri wa Pangani alitangaza jenereta yake mtandaoni kwa laki saba. Mnunuzi asiyemjua akaja na gari la kifahari, akabofya simu, na ya bibi ikalia: "Umepokea shilingi laki tisa."

"Lo, nimezidisha!" mnunuzi akasema. "Nirudishie laki mbili, mama, nipakie mzigo niondoke."

"Mzigo haukimbii, mwanangu. Chenji kwanza." Bibi naye akabofya taratibu. Simu ya mgeni ikalia: "Umepokea shilingi laki mbili."

Mgeni akaangalia salio, akafoka. "Hakijaingia kitu! Ujumbe huu umeuandika mwenyewe!"

"Nimenakili wako, nikabadilisha laki tu," akasema bibi, akijikalia juu ya jenereta. "Hebu tungoje. Zako zikiingia, na zangu zitaingia."