Bendera ya Kiboko

Niseme nisiseme?
— Sema!
Kweli au uongo?
— Vyote, bibi, changanya!

Haya, nachanganya. Anayesinzia akalale kwao.

Mwaka huo mvua ilikataa. Likabaki bwawa moja, na ndani yake amejaa Kiboko, tumbo kama gunia la mkaa. Akasema, "Maji yangu. Mwenye kiu anifunge kwanza sataranji. Tutacheza kwenye simu, kila mtu kwake, maana mimi sitoki majini. Ukinifunga, unakunywa. Nikikufunga, unaniletea mzigo wa majani, na maji huyaoni."

Akaja Swala, akafungwa. Akaja Ngiri, akafungwa. Akaja Nyani, tena Nyani ana akili zake, naye akafungwa kwa hatua kumi na moja.

Mwamuzi alikuwa Kobe. Kabla ya kila mchezo anapiga simu: "Bwana Kiboko, uko peke yako? Msaada wa nje ni marufuku."

"Niko peke yangu, mwamuzi."

"Basi cheza." Uchunguzi wake wote ndio huo.

Peke yake gani! Nyuma ya sikio la Kiboko amekaa Shashi, yule ndege mla kupe, na simu yake yenye mashine inayojua sataranji kuliko aliyeitunga. Mashine inaonyesha, Shashi ananong'ona, Kiboko anabonyeza. Nong'o nong'o, ti! Nong'o nong'o, ti!

Ikafika zamu ya Kalunguyeye. Kanyama kama ngumi, miiba mgongoni, na watoto wanne nyumbani ndimi zimekauka. Akapita kwanza bwawani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Taja shida."

"Hivi farasi kwenye sataranji anaendaje?"

"Anakimbia! Farasi atakwendaje tena, we kijimwiba?"

"Na malkia?"

"Anakaa. Malkia gani azurure?"

"Ahaa. Asante, mzee."

Akaondoka. Njiani akamkuta Shashi kwenye tawi, amekonda mbavu nje.

"Mwanangu Shashi, tajiri wako hakulishi?"

"Acha tu, Bi Kalunguyeye! Aliniahidi kupe wote wa mgongoni mwake. Lakini anashinda majini, mgongo umezama. Kupe gani atakaa huko?"

"Pole. Hebu chungulia katikati ya miiba yangu."

Shashi akachungulia. Kupe! Wanene kama kunde! Akameza mate.

"Onja mmoja. Waliobaki utawala baada ya mchezo. Ila..." Akamnong'oneza.

Siku ya mchezo Kiboko akatangaza, "Kalunguyeye akifungwa, ahame na watoto wake!"

"Nawe ukifungwa, bwawa ni la wote?"

"La wote na mama zao!"

Kobe akapiga simu. Kiboko akasema yuko peke yake. Kalunguyeye naye akasema yuko peke yake, na hakusema uongo: msaidizi wake alikuwa kwa Kiboko.

Nong'o nong'o, ti! Askari wa Kalunguyeye akaliwa. Nong'o nong'o, ti! Farasi akaliwa. Nong'o nong'o, ti! Malkia akaliwa. Kiboko akacheka, mho mho mho, maji yakamwagika ukingoni.

"Umeshinda, mzee," akasema Shashi. "Sasa pandisha bendera."

"Bendera ipi?"

"Hiyo nyeupe hapo pembeni. Mshindi si hupandisha bendera?"

"Kweli kabisa!" Ti! "Mbona inaniuliza kama nina hakika?"

"Haiamini kama kuna mtu anaweza kucheza vizuri namna hii."

"Nina hakika mno!" Ti!

Simu ya Kobe ikaingia. "Bwana Kiboko, umekubali kushindwa. Mshindi ni Kalunguyeye."

"Uongo! Nimedanganywa! Shashi ndiye aliyeniambia nibonyeze!"

"Nani?" akauliza Kobe. "Si ulisema uko peke yako?"

Na wanyama wakateremka bwawani, gubu gubu gubu, wanne wa Kalunguyeye wakiwa mbele.

Hadithi nimeiacha pale ukingoni, mwenye kiu nayo akaichote.

Na funzo, kwa kuwa lazima mlitake: chezeni kwa haki, msisaidiwe na mtu, kama Kalunguyeye alivyofanya. Na huyo msaidizi wenu mlisheni kwanza.