Msimu Mmoja wa Shekilindi

"Mkongwe hakimbii, hufika." Mmemsikia kocha wenu akiyasema hayo leo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Basi methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa huku huku Tanga, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, na ilianza hivi.

Palikuwa na mchezaji akiitwa Shekilindi, mrefu, mpole, aliyeichezea timu moja tangu ujana hadi mvi zikaanza kumchungulia kidevuni. Msimu mmoja mkataba wake uliisha, na viongozi hawakumwita mezani. Walimshukuru, wakamtakia heri. Akawa mchezaji huru, lakini uhuru wenyewe ulikuwa wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba. Wenzake wadogo walisajiliwa upesi. Simu yake haikulia. Timu alizozipigia mwenyewe zilimwuliza habari za magoti kabla ya kumwuliza hali.

Mkewe, Mwantumu, alimwambia kwamba shule ya jirani inatafuta mwalimu wa michezo, na kupumzika si aibu. Shekilindi hakubisha. Alisema tu kwamba bado anaota anacheza.

Ndipo akasikia kuwa timu changa ya Muheza inafanya majaribio. Akaenda. Mlinzi wa getini alimdhani mzazi aliyemsindikiza mwanawe, akamwonyesha mahali pa kukaa. Shekilindi akamshukuru, akapita, akavaa viatu.

Kocha wa pale, Bi Mhina, aliwashindanisha mbio kutoka kikapu hadi kikapu. Shekilindi akawa wa mwisho kila safari. Kijana mmoja, Mbelwa, alimpita huku akigeuka kumtazama. Goti lilimchoma, naye akaendelea kukimbia. Alijua kocha ameshaona.

Kisha wakacheza, Mbelwa akapewa kazi ya kumkaba. Mpira ulipogonga chuma cha kikapu ukadunda kushoto, Shekilindi alikuwa kushoto. Ulipodunda kulia, Mbelwa alifika mbio akakuta mgongo mpana umeshasimama pale. Mkongwe hakuruka sana. Alinyoosha mkono, akautwaa, akatoa pasi.

Bi Mhina akapuliza kipenga, akamwita kando.

"Kaka, kwenye mbio umeshika mkia. Kwenye mpira umewatangulia wote, na sijakuona ukikimbia."

"Nilipokuwa na mbio, kocha, nilingoja mpira urushwe ndipo niondoke. Siku hizi naondoka mrushaji anapokunja mkono."

Bi Mhina akafungua daftari lake la usajili. "Mkataba wa miaka miwili siwezi kukupa. Nina msimu mmoja, na mara nyingi utaanzia benchi."

Neno benchi lilimuuma. Hakuwahi kuanzia benchi tangu utoto. Alitazama uwanja, akawatazama vijana waliokuwa wakinywa maji, akasema, "Nipe huo mmoja."

Akatia saini. Msimu ule aliingia mechi zikiwa zimebana, akazituliza. Hawakutwaa kombe, ila hawakushuka daraja, jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Siku moja walikuwa wageni Korogwe, na mashabiki wa wenyeji walipomwona akiinuka benchi akichechemea, wakaangua kicheko. Mmoja akamwuliza Mbelwa kama timu yao imekosa watu hata ikamleta babu asiyeweza kukimbia.

Mbelwa hakukasirika. Alilijua jibu tangu siku ya majaribio, alipokuwa akihema nyuma ya mgongo ule.

"Mkongwe hakimbii," akamjibu, "hufika."