Fisi na Nywila Isiyoonekana

Mpo?
Tupo, tumesogea.
Masikio mnayo?
Tunayo, yote mawili.
Basi yashikeni, maana nawaingiza katikati ya ugomvi.

"Jumatatu niandike mimi," alisema Fisi. "Jumanne mimi. Jumatano mimi."

"Na watoto wa Digidigi wanywe lini, Mjomba?"

"Walambe umande."

Aliyeuliza ni Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza. Kilikuwa kiangazi, kisima kimebaki kimoja, na wanyama walikunywa kwa zamu. Zamu hizo Sange aliziandika kwenye kompyuta kuukuu ya kijiji, ile waliyoiwekea mfumo endeshi wa bure baada ya ule wa zamani kuilemea. Kila asubuhi alichapa orodha akaibandika kisimani. Kilichobandikwa, hata Tembo alikifuata. Ndiyo maana Fisi hakwenda kugombana kisimani. Alikuja kugombana na orodha.

Sange akakataa. Fisi akamwambia basi ampe nywila aandike mwenyewe, la sivyo atamtafuna yeye na wanawe watatu. Sange akatupia jicho nyuma ya printa. Mikia mitatu ilikuwa inatetemeka.

"Nakupa, Mjomba," akasema.

Akafungua dirisha jeusi, lile ambamo mashine huulizia nywila kabla ya kukubali amri nzito, akaandika amri ya kufungua orodha. Akamtajia nywila ya kweli, herufi kwa herufi. Akamwambia na ukweli mwingine: "Ukiandika hutaona kitu. Wewe andika tu, ukimaliza bonyeza kitufe cha kuingiza."

Fisi akacheka. Simu yake huonyesha vidoti kila anapoandika nywila, sasa huyu mwenye pua anamwona mshamba? Akabonyeza herufi ya kwanza, ko. Hakuona kitu. Akaibonyeza tena, ko. Hakuona kitu. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ko ko ko ko. Hakuona kitu. Akapiga kitufe cha kuingiza.

Samahani, ikajibu mashine, jaribu tena.

Sange akamweleza tena, taratibu, kwamba herufi zinaingia ila mashine inazificha, hata idadi yake, ili anayechungulia begani asijue kitu. Fisi akasema hajawahi kuandika kitu kisichoonekana na hataanza leo. Akarudia kwa viganja viwili, ko ko ko, ko ko ko. Hakuona kitu.

Samahani, jaribu tena.

Fisi akasukuma kibodi. "Andika wewe. Na ninakutazama."

Hapo Sange akapiga hesabu. Akiandika sawasawa, mashine itakubali na maji yote yatakuwa ya Fisi. Akiandika vibaya, Fisi ataona.

Ataona nini?

Pua yake ikatulia. Akavuta kibodi, vidole vikaenda pi pi pi, pi pi pi, polepole na kwa adabu. Vilikuwa vinaandika jina la marehemu bibi yake. Fisi alikodolea kioo macho mpaka yakamtoka machozi. Hakuona kitu.

Samahani, ikasema mashine, umekosea mara tatu. Amri ikakataliwa.

"Hata wewe imekukataa?" akauliza Fisi.

"Hata mimi, Mjomba," akasema Sange, ameinamisha kichwa.

Fisi akaenda zake. Miguu yake ilipoacha kusikika, watoto wakatoka nyuma ya printa mmoja mmoja, wakamkuta mama yao amekaa chini, anatetemeka na kucheka kwa pamoja. Alipopata nguvu akaiandika amri upya, kwa kuwa kukosea mara tatu hakuharibu chochote, unaanza tu tena. Akaandika nywila, safari hii ile ya kweli, pi pi pi. Mashine ikakubali. Kwenye zamu ya kesho akawatanguliza watoto wa Digidigi.

Pumzi ya hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekuwa amebana kikohozi, akohoe.

Mnataka na funzo? Msilitafute kwa Sange, yeye alidanganya. Mlichukue kwa Fisi, ambaye siku ile hakusema uongo hata mmoja. Alilitoa akiwa mlangoni, kwa huruma kabisa, kama mzazi:

"Binti yangu, mashine hii imekufa. Tafuteni nyingine, inayoonyesha nywila wazi, tena kwa herufi kubwa, ili hata jirani akusaidie kuisoma."