Kisima cha Bonde la Mchanga na Ruhusa ya Kilimani

Hodi kwenye masikio!
— Karibu!
Mna nafasi ya hadithi?
— Ipo!
Na ikiwa chungu?
— Ilete hivyo hivyo!

Haya, naileta. Na wewe unayetafuna mahindi huko nyuma, tafuna polepole, maana sirudii neno.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na ninyi, palikuwa na nchi tatu zilizopakana. Ya kwanza ni Msitu wa Juu, nchi ya nyani. Ya pili ni Mbuga ya Nyasi, nchi ya nyumbu na punda milia. Ya tatu ni Bonde la Mchanga. Huko waliishi ngiri, swala, pofu, kobe na wadogo wengine wengi.

Kila nchi ilikuwa na mambo yake, lakini moto ulikuwa wa wote. Unawaka mbugani, unashuka bondeni, unapanda msituni. Kila nchi ikajaribu kuuzima peke yake, na kila nchi ikashindwa peke yake. Wakafa wengi, jamani, wakafa hata wasio na hesabu. Mwisho wanyama wakakutana juu ya majivu, wakaunda Muungano. Wakaweka Baraza Kuu pale Kilimani, na Nyani akawa mkuu wake.

Wakakubaliana kwa sauti, kila mmoja akisikia. Moto ni kazi ya Baraza Kuu. Mengine yote, kila nchi itajiamulia yenyewe. Wakala kiapo, wakarudi makwao. Na kweli, tangu siku hiyo moto ukiwaka popote, nchi zote tatu zilifika na matawi mabichi, wakaupigapiga mpaka ukafa. Hilo lilikuwa jema, na mimi sitalisema vibaya.

Sasa twende Bonde la Mchanga. Mto wa huko ulikauka kila kiangazi. Maji hayakwenda mbali, yalijificha chini ya mchanga. Wanyama walichimba kisima katikati ya mto, wakanywa. Maji yakishuka, wanachimba tena. Yakishuka tena, wanachimba tena. Ndiyo maana walikuwa na Mlinzi wa Kisima. Mlinzi ndiye aliyesema leo tuchimbe, leo tusubiri, wanaonyonyesha wanywe kwanza, wenye miili mikubwa wanywe mwisho.

Na Mlinzi huyo walimchagua wenyewe. Mvua inapokatika na matope ya ukingoni yakiwa bado laini, wanaotaka kazi hiyo wanasimama. Kila mnyama anakuja anakanyaga tope mbele ya amtakaye. Swala anaacha alama ya kwato zake, kobe anaacha alama ya nyayo zake. Mwenye alama nyingi ndiye Mlinzi. Ndivyo walivyofanya babu zao, na njia nyingine hawakuijua wala hawakuitaka.

Mwaka huo karibu wote walimtaka Bi Ngiri. Bi Ngiri alikuwa mkali wa maneno na mwepesi wa kazi, na upuuzi hakuuvumilia. Moto wa zamani ulimlia watoto wote. Baada ya Muungano akapata mmoja tu, jina lake Kishungi, na huyo ndiye alikuwa roho yake.

Siku ya kuchagua ilipofika, akaja Hondohondo, ndege wa kupeleka habari. Akatua, akapaza sauti yake ile.

"Baraza Kuu linawasalimu! Limefurahi kusikia mnachagua. Linamtuma mjumbe aje ashuhudie. Msianze mpaka afike!"

Kobe akauliza, "Ashuhudie nini? Kisima ni moto?"

Pofu akamkatiza. "Mzee Kobe, mgeni yuko njiani na sisi tuanze? Watatuonaje? Watasema hatukufunzwa."

Wanyama wa bonde lile walijivunia adabu yao kuliko kitu chochote. Mgeni hajafika, mkutano hauanzi. Basi wakasubiri. Jua likapiga. Tope likaanza kupasuka.

"Jamani, tope linakauka," akasema Bi Ngiri.

"Kesho atafika," wakajibu.

Kesho ikaja, mgeni hakuja. Ikaja nyingine, mgeni hakuja. Tope likawa gumu kama chungu, ukilikanyaga linakuumiza wewe. Ndipo mjumbe akafika. Alikuwa Kongoti, yule ndege mrefu mwenye upara na kifuko shingoni, anayekula mizoga. Akatembea kwa maringo mpaka ukingoni, akagongagonga tope kwa mdomo.

"Aa, mmechelewa," akasema. "Limeshakauka."

Wao ndio waliochelewa! Mnasikia mambo hayo?

Kobe akasema, "Basi tuchague kwa mdomo. Kila mmoja ataje jina la amtakaye, tumalize."

"Kwa mdomo tangu lini?" akauliza Pofu. Swala nao wakatikisa vichwa. Kwa mdomo hapana.

Kongoti akainamisha kichwa kwa heshima. "Mimi mgeni, mila zenu siwezi kuzivunja. Nitakaimu ulinzi mpaka mvua nyingine." Akapanda juu ya jiwe lililo kando ya kisima, akasimama pale kwa mguu mmoja.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Maji yakashuka. Bi Ngiri akaja mbio na Kishungi nyuma yake.

"Tuchimbe!" akasema.

"Kuchimba ni jambo kubwa," akasema Kongoti. "Tuombe kwanza ruhusa Kilimani."

"Ruhusa ya nini? Kisima ni chetu! Tulikubaliana moto tu."

"Mimi sikukatazi, Bi Ngiri. Lakini mkichimba bila ruhusa, huko juu watasema Bonde limejitenga. Moto ukija, mtauzima na nani?"

Hakuna aliyekuwa pale ambaye moto haukumchukulia mtu wake. Bi Ngiri akawakumbuka watoto wake wale. Akamvuta Kishungi karibu, akakaa chini.

Hondohondo akatumwa mara ya kwanza. Akaenda, akarudi.

"Ombi lenu limepokelewa! Baraza Kuu linawashukuru!"

Wanyama wakafurahi, wakaambiana, "Mmeona? Limepokelewa." Lakini kupokelewa hakunyweki. Siku zile swala wazee wakaanguka kichakani. Kongoti akasema, "Poleni sana." Akashuka jiweni, akaenda nyuma ya kichaka. Aliporudi, kifuko chake kilikuwa kimejaa.

Hondohondo akatumwa mara ya pili. Akaenda, akarudi.

"Baraza Kuu linauliza! Maji yameshuka kwa sababu gani?"

Bi Ngiri akapandwa na hasira mpaka manyoya ya shingo yakasimama. "Kwa sababu gani? Kwa sababu ni kiangazi! Waambie watazame juu waone jua!"

"Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo!"

Siku zile wakaanguka pofu waliokuwa na mimba. Kongoti akasema, "Poleni sana." Akaenda nyuma ya kichaka. Akarudi.

Hondohondo akatumwa mara ya tatu. Akaenda, akakawia, akarudi.

"Ombi lenu limepelekwa kwenye kamati! Subirini!"

Siku zile wakaanza kuanguka watoto. Kongoti hata pole hakusema tena, kazi ilikuwa nyingi.

Kishungi akamjia mama yake. "Mama," akasema, "ulimi wangu umekuwa mkubwa. Haunienei mdomoni."

Bi Ngiri akamtazama mwanawe, akaona macho yameingia ndani. Kobe alikuwa karibu, akamwambia, "Mwanangu, chimba. Chimba sasa hivi, mimi nitakusaidia kwa miguu yangu hii."

"Nikichimba, Mzee, bonde zima litatengwa kwa ajili yangu. Nitawatazama vipi siku ya moto? Naenda mwenyewe Kilimani. Nikisema kwa mdomo wangu, watanisikia." Akamlaza Kishungi kivulini. "Lala hapa, baba. Nikirudi utakunywa."

"Utachelewa?"

"Sichelewi."

Akakimbia. Akapita mbuga, akapanda kilima, ulimi nje. Kule juu akakuta chemchemi inatiririka, na nyani wanaosha matunda huku wakirushiana maji. Bi Ngiri hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyani mkuu, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Bonde la Mchanga. Nimekuja kwa habari ya kisima. Tunaomba tuchimbe. Watoto wanakufa."

Nyani akashangaa kweli. "Kuchimba kisima? Kwani nani aliwakataza? Kisima ni chenu. Tulikubaliana juu ya majivu, au umesahau?"

Bi Ngiri akasema, "Kongoti alisema tuombe ruhusa."

"Nanyi mkaomba."

"Tukaomba."

"Basi sisi tungefanya nini? Ombi likija, lazima lijibiwe. Mwanzoni hata hatukujua tumpe nani kazi hiyo, maana haikuwa yetu. Tukaunda kamati. Sasa kamati ipo, inakaa, inajadili, na haiwezi kurukwa. Nenda, mwanangu. Mtajibiwa."

"Lakini umesema ni chetu!"

"Kilikuwa chenu mpaka mlipoomba," akasema Nyani, kwa upole kabisa, akamkaribisha tunda.

Bi Ngiri hakulipokea. Akageuka, akashuka kilima kwa mbio ambazo ngiri hajapata kukimbia. Akafika bondeni, akaingia mtoni, akapiga magoti ya mbele kama ngiri wanavyopiga, akaanza kuchimba kwa pua na kwa meno.

"Simama!" akapiga kelele Kongoti. "Kaimu anaamuru!"

Bi Ngiri hakusimama. Mchanga ukaruka. Wanyama walisimama mbali wakitazamana. Kobe peke yake akaja, akakwangua pembeni kwa miguu yake mifupi. Halafu swala mmoja jike, aliyekuwa amebakiwa na mtoto, akashuka. Wakamfuata wengine. Pofu alibaki ukingoni.

Na hawakuchimba hata kwa muda mrefu. Hilo ndilo linaloniuma mimi nikisimulia. Maji yalikuwa karibu tu pale chini. Wangechimba siku ya kwanza, wangeyakuta.

Bi Ngiri akajaza mdomo maji, akakimbia kivulini. Akamkuta Kongoti ameshafika, amesimama juu ya Kishungi.

"Pole sana, Bi Ngiri," akasema Kongoti.

Bi Ngiri akamrukia kwa meno yake ya nje, mdomo ameufumba. Kongoti akapaa, akaenda kutua juu ya mti mkavu, hakwenda mbali. Bi Ngiri akamwinamia mwanawe, akamtilia maji mdomoni. Maji yakaingia upande huu, yakatoka upande ule. Akaenda kisimani, akaleta mengine. Yakatoka. Akaleta mengine. Yakatoka. Hapo akapiga yowe, na bonde zima likasikia.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, akaja Hondohondo. Akatua, akapaza sauti yake ile.

"Baraza Kuu limekubali! Kamati imeridhia! Wanyama wa Bonde la Mchanga, chimbeni!"

Wanyama walikuwa wamekizunguka kisima, midomo bado ina maji. Mnadhani walisema nini? Mnadhani walimzomea? Pofu alipiga kwato chini kwa furaha. "Jamani, Kilimani wametukumbuka!" akasema. Na wengine wakashangilia! Naapa wakashangilia, na mizoga ya watoto wao imelala kichakani. Mimi nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza, hapo nililia kwa hasira.

Bi Ngiri hakushangilia. Alikuwa kivulini amepiga magoti, anachimba tena. Shimo dogo, la kimo cha mtoto.

Hondohondo akamwona, akamsogelea. Hakuwa mbaya yule ndege, alitaka tu kusaidia.

"Bi Ngiri," akamwuliza, "na hilo nalo, nikuombee ruhusa?"

Bi Ngiri aliendelea kuchimba.

Basi, mlionisikiliza, funzo mlichukue. Ungeni mkono na wenzenu kwa lile msiloliweza peke yenu, maana moto upo. Lakini lililo lenu lifanyeni wenyewe, na mtu wenu mchagueni wenyewe, kwa tope au kwa mdomo, wakati bado mnaweza. Msiende kuliombea ruhusa. Ukiomba ruhusa ya jambo lako mwenyewe, umeshampa mtu nguvu ya kukunyima, naye hata kama si mbaya, atajifunza kuitumia. Na adabu ya kumsubiri mgeni mpaka watoto wafe, hiyo mimi siiiti adabu. Naiita woga.

Hadithi nimeitua chini. Nani anaibeba?
— Sisi!
Ni nzito!
— Tutapokezana!
Haya, kalaleni.