Mmoja Kati ya Wanne

Wapendwa, msinisinzie, hii ni fupi. Palikuwa na mama mmoja na mumewe, wauza mihogo ya kukaanga. Binti yao wa kwanza, Tumsifu, alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wengi mnauita sikoseli. Maumivu yakimshika anaweza kulia mpaka sauti ikauke. Mliolea mtoto wa hivyo mnanielewa.

Daktari akawaita. "Nyote wawili mmeubeba ugonjwa huu bila kuugua. Kila mimba mtakayopata, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya wanne."

Njiani mume akasema, "Umesikia, Mama Tumsifu? Mmoja kati ya wanne. Na huyo mmoja si tumeshampata? Watatu wanaokuja ni wazima."

Mama naye akapiga hesabu, akaona imekubali. Akawa anamtazama Tumsifu kwa shukrani, kana kwamba binti amewaugulia wadogo zake. Hebu niambieni, nani hapa asingeipenda hesabu ile?

Basi akashika mimba, tena kwa furaha. Akazaa mvulana mnono. Hajafikisha hata mwaka, viganja vikamvimba. Mama alivitambua vile viganja kabla ya kipimo chochote, maana Tumsifu naye alianza hivyo hivyo. Akakaa sakafuni, akampakata.

Akamrudia daktari. "Si ulisema mmoja?"

"Nilisema kila mimba, mama. Hata ungezaa kumi, kila mtoto anaanza upya, mmoja kati ya wanne. Waliotangulia hawamsaidii."

"Kwa hiyo Tumsifu hakumkinga mdogo wake?"

"Hakumkinga, mama. Pole."

Hilo ndilo lililomvunja. Machozi yote yale ya binti yake, kumbe hayakumwokoa mtu.

Alirudi nyumbani akawangoja watu wa kanisa lake. Tumsifu alipougua mara ya kwanza walikuja na unga, na sufuria za uji, wakakesha wakiomba. Safari hii wiki zikapita, hakuna aliyebisha hodi. Siyo kwamba walimchukia. Walisema, "Yule ameshazoea. Ameshapitia yake, sasa tuwaangalie wengine." Mvulana alipofariki ndipo wakaja, wote, na turubai na viti.

Sasa ninyi mnamcheka yule mume kwa hesabu yake. Na sisi je? Aliyefiwa mwaka juzi akifiwa tena, si tunamwona mzoefu? Aliyefukuzwa kazi mara ya pili tunamwambia "wewe ni jasiri", tunapita zetu. Nani alitudanganya kwamba shida ina zamu, na mtu akishalia fungu lake limekwisha? Mwenye kuumwa mara ya pili anaumwa upya, ndugu zangu, na mara hii anaumwa peke yake.

Yupo mmoja ndani ya ibada hii, anauguza mtoto kwa mara ya pili. Mnamjua. Msiniitikie amina, nendeni kwake mtoto angali hai.